Mapigano ya fahali: Sheria yasema moja, uwanja wasema jingine

Na MWANDISHI WETU

KILA Desemba, wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua wanaoishi Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake huko Naivasha, hufunga virago na kuelekea makwao magharibi mwa Kenya. Kwa wale ambao asili yao ni Ikolomani na Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, safari hiyo ina mvuto mwingine mbali na kuwaona wazazi. Huo ndio msimu wa mapigano ya fahali.

Majirani zao wa Karagita waliotoka pembe nyingine za nchi huusikia mchezo huo kwa mbali tu, na swali lao huwa ni lilelile. Je, kuwapambanisha wanyama ili watu wafurahi ni halali katika nchi hii? Na kama si halali, mbona waheshimiwa hukaa jukwaani wakishangilia, tena polisi wakiwa papo hapo kulinda usalama?

Swali hilo si la kipuuzi, na jibu lake si jepesi. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ina Katiba inayotukuza utamaduni, na ina mchezo unaoendelea kati ya hizo mbili bila yeyote kutamka waziwazi ni ipi inayotawala uwanjani.

Asili ya mchezo

Mapigano haya ni ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili zilizo sehemu ya kabila kubwa la Waluhya. Viwanja vinavyotajwa sana ni Malinya, ulio katika eneo bunge la Ikolomani, pamoja na Khayega na Shinyalu. Hapo kale mafahali walipambanishwa hasa katika matanga ya mzee aliyeheshimika au shujaa, na pambano likawa njia mojawapo ya kumuaga marehemu kwa hadhi iliyomstahili. Baadaye mchezo ulivuka mipaka ya msiba ukaingia katika sikukuu, sherehe za umma na, hatimaye, katika siasa.

Msomaji asiuchanganye na ule wa Uhispania. Huko, mtu aliyevaa mavazi ya nakshi huingia uwanjani na upanga, na mwisho wa fahali hujulikana kabla hajatoka zizini. Kakamega ni fahali kwa fahali. Hakuna mkuki unaorushwa wala upanga unaochomolewa. Wanyama wawili hukutanishwa pembe kwa pembe, husukumana, na yule anayegeuka na kutimua mbio ndiye aliyeshindwa. Mapambano mengine humalizika kwa dakika chache. Mengine huendelea hadi mashabiki wenyewe wakachoka.

Fahali wa vita hafanyi kazi nyingine. Hafungwi plau, wala hachungwi ovyo pamoja na ng'ombe wengine wa boma. Hukatiwa nyasi za napia, huongezewa molasi na chumvi, na huwa na mtunzaji wake maalumu anayemjua tabia kuliko hata mwenye mali. Hupewa jina, na majina hayo ni burudani kamili: mwanasoka wa Ulaya, mwanasiasa anayevuma, au neno lolote la kutia hofu. Fahali hodari anaweza kuuzwa kwa zaidi ya Sh100,000, na akiwa na historia ya ushindi bei hupanda. Anayeshindwa mara kwa mara, aghalabu huishia kwa mchinjaji.

Siku ya pambano, fahali husindikizwa tangu alfajiri na umati wa vijana wanaokimbia, kupiga mbinja na kupunga matawi. Ngoma ya isukuti ndiyo inayoongoza. Ngoma hizo huwa tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo, mfano wa baba, mama na mtoto, na huambatana na baragumu ya pembe na njuga za chuma.

Hapa pana jambo ambalo huvurugwa mara kwa mara katika mjadala. Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kilichoorodheshwa ni ngoma. Fahali hakuorodheshwa. Anayesema kwamba ulimwengu umekwisha kuyatambua mapigano ya fahali kuwa turathi anasema kisichokuwepo, ingawa ni kweli kwamba isukuti ingepoteza mojawapo ya majukwaa yake makubwa kama mapigano yangekoma.

Sheria inasema nini?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka wa 1962, mkoloni akiwa anajiandaa kuondoka, na mizizi yake iko Uingereza. Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku vita vya jogoo pamoja na mchezo wa kuwaachilia mbwa dhidi ya fahali au dubu aliyefungwa mnamo 1835, kisha likakusanya makosa ya ukatili kwa wanyama katika sheria moja ya 1911. Maneno mengi ya sheria yetu yana harufu ya hiyo ya 1911.

Kwa mujibu wa Sura ya 360, ni ukatili kumpiga mnyama bila huruma, kumtesa, kumkasirisha, kumtisha, au kumbebesha mzigo uliopita uwezo wake. Ukiyasoma maneno hayo jinsi yalivyo, ni vigumu kuona ni vipi mapigano ya fahali yanavyoweza kuponea. Umati unaopiga kelele masikioni mwa mnyama tangu mapambazuko, ukamzingira, ukamsukuma mbele ya adui yake, unafanya nini kama si kumkasirisha na kumtisha?

Wenye mafahali wana jibu lao. Wanasema hakuna anayempiga fahali, na kwamba hasira ni ya mnyama mwenyewe; amwonapo dume mwenzake damu humchemka, hata katika malisho pasipo mtu wa kumtazama. Wahenga walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hoja hiyo, binadamu hapandi ugomvi bali anaushuhudia tu.

Hoja hiyo ina uzito fulani, lakini haifiki mwisho wa njia. Ni kweli kwamba madume hupigana malishoni ili kuamua nani mkubwa. Hata hivyo, huko pana nafasi. Aliyezidiwa hugeuka, hukimbia, na ugomvi huisha mara nyingi kabla ya kumwagika damu. Uwanjani amezingirwa na ukuta wa watu, na njia ya kukimbilia huipata tu umati ukipasuka. Tena malishoni hakuna anayewaleta kutoka vijiji tofauti, wasiojuana, kwa tarehe iliyotangazwa.

Adhabu ni suala jingine. Sura ya 360 iliweka faini isiyozidi Sh3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Fedha hizo leo ni vigumu kununulia mbuzi aliyekomaa. Hata kama mwenye fahali angefikishwa mahakamani na kupatikana na hatia, angelipa faini hiyo kutoka kwa zawadi ya pambano moja na kurudi uwanjani wiki inayofuata.

Kisha ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, nacho Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wa chaguo lake. Kifungu hicho cha 44 kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayemlazimisha mwingine kutenda au kutendewa mila yoyote. Fahali, bila shaka, si mtu mbele ya Katiba, na kinga hiyo haimfikii.

Lakini kipengele kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi kiko mwishoni mwa kitabu, katika Jedwali la Nne, linalogawa majukumu kati ya serikali kuu na kaunti. Miongoni mwa majukumu ya kaunti ni shughuli za utamaduni, burudani ya umma, michezo, hata kamari. Hatua mbili tu chini yake, katika orodha iyo hiyo, limetajwa jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Maana yake ni kwamba serikali ya kaunti inayojenga uwanja, inayoandaa sherehe na inayotaraji mapato ya watalii ndiyo pia inayopaswa kumuuliza mwenye fahali kama mnyama wake anatendewa haki. Mwandaaji na mkaguzi ni mtu mmoja. Huu ndio moyo wa tatizo, na inashangaza kwamba hautajwi sana kuliko makelele ya pande mbili zinazozozana.

Punda wa Naivasha

Wakazi wa Karagita hawahitaji kwenda Kakamega ili kuiona Sura ya 360. Inahusu pia punda wanaovuta mikokoteni ya maji na mizigo katika mitaa ya Naivasha. Kijana anayembebesha punda madumu kupita kiasi na kumchapa ili apande mlima anaweza kushtakiwa kwa sheria ileile. Ni halali kwake kuuliza kwa nini yeye, anayetafuta riziki ya siku, aogope askari, ilhali tajiri anayepambanisha fahali hadharani hupigiwa makofi.

Naivasha imetoa pia funzo kuhusu jinsi marufuku ya wanyama yanavyowekwa na yanavyoporomoka. Kichinjio cha punda cha Star Brilliant kilicho katika eneo hilo kilikuwa miongoni mwa vichinjio vilivyokuwa vikiuza bidhaa za punda nje ya nchi. Wizi wa punda ulipozidi na wafugaji kulalamika, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw Peter Munya, alitangaza Februari 2020 kwamba uchinjaji huo umepigwa marufuku. Mwenye kichinjio alikwenda mahakamani. Mnamo Mei 2021, Mahakama Kuu ya Naivasha iliyabatilisha marufuku hayo.

Wanaodai kwamba serikali itangaze tu siku moja kuwa mapigano ya fahali yamekwisha wangefaa kuikumbuka kesi hiyo. Tamko la waziri ni jepesi kutoa, ila watu wakiwa wamewekeza mali yao na sheria ikiwa haijanyooshwa, mahakama huuliza maswali ambayo mikutano ya hadhara haiulizi. Tofauti iko kwa marufuku ya uwindaji yaliyotolewa mwaka wa 1977. Huo nao ulikuwa mchezo wa watu wenye fedha na ulikuwa na watetezi wengi, lakini marufuku yalifungamana na sheria za wanyamapori na taasisi za kuzitekeleza, na ndiyo sababu yakadumu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba dola ikitaka, viwanja hunyamaza. Machi 2020, mikusanyiko ya umma ilipopigwa marufuku nchini kote, mapigano ya fahali nayo yalijikuta ndani ya wavu huo. Ila hiyo ilikuwa kwa ajili ya virusi vya korona. Hakuna aliyewafikiria mafahali.

Pande mbili

Wanaoutetea mchezo huanza na utambulisho. Kwa Mwisukha au Mwidakho aliyezaliwa mjini, pambano la fahali ni mojawapo ya mambo machache yanayomrudisha kijijini na kumketisha karibu na wazee. Wanataja pia riziki: mwenye fahali, mtunzaji, mpiga isukuti, mama muuza chai na mahamri, mwenye bodaboda, wote huondoka na chochote siku hiyo. Aidha, husema kwamba fahali wa vita anaishi maisha ambayo ng'ombe wa kulima au wa nyama angeyaonea wivu. Huoshwa, hulishwa vizuri, hutibiwa, na huishi miaka mingi kuliko mwenzake aliyekwisha kugeuzwa nyama choma.

Hoja hii ya mwisho si ya kupuuzwa. Mtu anayekula nyama kila Jumapili bila kuuliza ng'ombe yule alisafirishwa vipi hadi kichinjioni ana kazi ya kueleza kwa nini huruma yake huamka Malinya peke yake. Walakini kosa moja haliwi haki kwa sababu kosa jingine halijashtakiwa.

Watetezi wa wanyama wana mashtaka mahususi. Wanadai kwamba baadhi ya wamiliki hunoa pembe za mafahali ili zichome badala ya kusukuma, na kwamba wengine huwapa busaa au bangi ili wasihisi maumivu. Wenye mafahali wanaojiheshimu hukana mambo hayo, na husema anayeyafanya ni tapeli anayeharibu mila. Mtu akisikiliza vizuri atagundua kwamba pande zote mbili zinakubaliana hapa: kunoa pembe na kulevya mnyama ni uovu. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuitazama pembe na kulikagua jicho la fahali kabla hajaachiliwa.

Halafu kuna siasa, ambazo hazijawahi kukaa mbali na uwanja huu. Aliyekuwa Waziri Mkuu, marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alihudhuria mapigano ya Kakamega kwa nyakati mbalimbali, na Seneta Boni Khalwale anajulikana kote nchini kwa kufuga mafahali wa vita. Mahali ambapo maelfu hukusanyika bila kulipwa wala kubebwa kwa malori, mwanasiasa hafanyi ajizi. Mbunge atakayesimama Bungeni kutaka mchezo huo ukomeshwe huenda akapigiwa makofi Nairobi. Akifika Ikolomani wakati wa kura, hali ni nyingine.

Damu ya watunzaji

Mjadala unapowahusu wanyama pekee, binadamu husahaulika. Viwanja vingi vya mapigano havina uzio. Watazamaji ndio uzio wenyewe, na fahali aliyeshindwa hukimbilia penye upenyo, ambapo mara nyingi pana mtoto, mzee au mtu aliyelewa. Watu wamejeruhiwa kwa njia hiyo, na kila mara inapotokea huhesabiwa kuwa ajali.

Aliye hatarini zaidi hata hivyo ni mtunzaji, kwa kuwa yeye yuko na fahali siku zote, si siku ya pambano tu. Mnyama aliyefunzwa kwamba kila kilicho mbele yake ni adui hawezi kutarajiwa kuusahau ujuzi huo jioni anapofungiwa zizini. Mwishoni mwa Januari 2024, nchi ilishtuka kusikia kwamba mtunzaji wa mafahali wa Seneta Khalwale ameuawa. Seneta huyo alieleza kwamba fahali ndiye aliyemuua, na kwamba yeye mwenyewe alimchoma mnyama huyo kwa mkuki akafa, kama mila inavyotaka fahali anapomwaga damu ya mtu.

Kwa siku kadhaa gumzo lilikuwa juu ya mkuki. Wengine walisema mila imetimizwa. Wengine walisema mnyama ameadhibiwa kwa kufanya kile alicholelewa kufanya. Ni wachache waliouliza kuhusu masharti ya kazi ya mtunzaji yeyote wa fahali.

Wenzetu wamefanyaje?

Jirani wa karibu mwenye mchezo wa kulinganishwa ni Pemba. Mchezo wa ng'ombe wa kisiwani humo husimuliwa kuwa uliachwa na Wareno, waliotawala sehemu za pwani yetu hadi Waarabu wa Omani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka wa 1698. Iwe ni hivyo au la, Wapemba wameufanya kuwa wao. Ng'ombe huwa amefungwa kamba, vijana humchezea kwa nguo na maneno ya kejeli, kinamama huimba, na hakuna silaha. Mnyama hauawi. Hatari kubwa iko kwa kijana mwenye mbio fupi. Mchezo huo nao unamkasirisha mnyama, hilo halifichiki, lakini kamba ile ni kanuni ya kweli inayoonekana kwa macho: ng'ombe akizidi, huvutwa.

Huko Omani, hasa Barka, na katika mji wa Fujairah wa Falme za Kiarabu, ni fahali kwa fahali kama Kakamega. Kila mmoja amefungwa kamba, na wanaume kadhaa huzishika tayari kuwatenganisha pambano linapoelekea pabaya. Waswahili wa pwani wenye jamaa zao Ghuba wanaujua mchezo huu vyema.

Korea Kusini ilichukua njia ya wanasheria. Mwaka wa 2002 ilitunga sheria maalumu ya mapigano ya jadi ya fahali, na mji wa Cheongdo ukapata uwanja wenye kamari iliyo halali na iliyosajiliwa. Wapinzani hawakutoweka, wanasema serikali imeupa ukatili cheti. Ila pale angalau inajulikana ni nani wa kuulizwa.

India ndiyo yenye kisa kilicho karibu zaidi na chetu. Katika jimbo la Tamil Nadu kuna mchezo wa jallikattu, ambapo vijana hujaribu kumng'ang'ania fahali nundu anapotimka katikati ya umati. Mwezi wa Mei 2014 Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku, ikisema unavunja sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Januari 2017 maelfu kwa maelfu ya watu walifurika katika ufuo wa Marina jijini Chennai wakidai utamaduni wao umenyongwa. Jimbo likabadilisha sheria yake ili kuuruhusu mchezo kwa masharti, na Mei 2023 majaji watano wa mahakama iyo hiyo wakakubali kwamba mabadiliko hayo yanafaa kikatiba. Mahakama iliyofunga mlango ndiyo iliyoufungua, na katikati ya matukio hayo mawili palikuwa na kazi ambayo Kenya haijaifanya: bunge la jimbo kuandika kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa.

Kwingine mkondo umeelekea upande wa pili. Jimbo la Catalonia, Uhispania, lilipiga kura 2010 kukomesha mapigano ya fahali, ingawa Mahakama ya Kikatiba ya nchi hiyo iliitengua sheria hiyo 2016. Kolombia ilipitisha sheria mwaka wa 2024 ya kuyamaliza kufikia 2027, ikawapa wanaoyategemea kipindi cha kutafuta kazi nyingine. Michezo ya mbwa na jogoo, ambayo lengo lake ni mmoja afe au aangushwe kabisa, imepoteza watetezi wengi zaidi. Jimbo la mwisho la Marekani kupiga marufuku vita vya jogoo, Louisiana, lilifanya hivyo mwaka wa 2008.

Kinachoweza kuandikwa

Iwapo Bunge au kaunti itaamua kuuhalalisha mchezo wa Kakamega kwa masharti, masharti yenyewe si siri. Daktari wa mifugo amkague kila fahali asubuhi ya pambano, na awe na uwezo wa kumwondoa mshiriki bila kujali ni wa nani. Pembe zilizonolewa zimtoe mnyama mashindanoni. Uwanja uwe na uzio na njia ya kutokea aliyeshindwa. Muda wa pambano uwe na kikomo. Afisa anayekagua asiwe wa idara inayoandaa sherehe, kwa maana bila hilo mengine yote ni maandishi tu. Na faini ya Sh3,000 iondolewe, iwekwe ya kumuuma mtu anayemiliki mnyama wa malaki.

Watakaopinga hata hayo wana haki ya kusema kwamba ukatili wenye kanuni bado ni ukatili. Hao nao wana wajibu wa kudai kile ambacho Kolombia ilikifanya, yaani sheria yenye tarehe na mpango kwa wale watakaopoteza riziki. Kuiacha Sura ya 360 kitabuni na kufumba macho kila Jumamosi hakumsaidii fahali wala hakuilindi mila, na kunawafundisha vijana kwamba sheria ni ya mwenye punda peke yake.

Kuhusu mtunzaji, hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kumkatia bima mfanyakazi wake na kulipa fidia anapoumia au kufa akiwa kazini. Wafanyakazi wa maua wa Karagita wanaijua sheria hiyo kwa jina, kwani imekuwa sehemu ya madai yao dhidi ya waajiri. Uchungaji wa ng'ombe, kwa upande mwingine, mara nyingi hufanywa kwa makubaliano ya mdomo, mshahara ukichanganywa na chakula na mahali pa kulala. Anayemlisha fahali wa vita kila alfajiri ni mwajiriwa kama aliye ndani ya nyumba ya waridi, na afisa wa leba wa kaunti anaweza kuanza kumtembelea hata kabla ya wanasheria kumaliza mabishano yao kuhusu pembe.